Mlango wa Ghorofa ya Tisa

Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, saa tatu na robo asubuhi, nilimshusha mke wangu mbele ya jengo la ofisi yao, nikampa magongo yake yote mawili, nikamwambia, "Haya Bosi, kawatoe jasho."

Akacheka. "Leo litawatoka wao. Mimi langu limeshakauka zamani."

Akaingia. Mlinzi akamfungulia mlango wa kioo. Nilimwona akivuka ukumbi wa chini, gongo, mguu, gongo, mguu, mkoba wa makaratasi umening'inia shingoni kama wa mtoto wa shule. Baada ya hapo sikumwona tena akitembea.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, mabenchi, fremu za vitanda. Shule niliishia darasa la nne, baba alipokufa na ada ikafa naye. Kwa hiyo nikikosea mahali, anayejua zaidi anirekebishe. Lakini mambo ya mlango ule sitakosea, maana milango ndiyo kazi yangu.

Mke wangu nilimpata kwa sababu ya chuma. Alikuja karakana siku moja mchana, binti wa miaka ishirini na mitatu, ameegemea gongo moja, mkono wa pili kashika kipande cha chuma kilichokatika na mikanda yake ya ngozi.

"Fundi, hiki kinachomeleka?"

"Chuma cha nini hiki?"

"Cha mguu."

"Na mguu wenyewe uko wapi?"

"Nimekuja nao. Ulifikiri nimeuacha nyumbani unaosha vyombo?"

Vijana wangu wa karakana wakaangua kicheko, nami nikaona haya mpaka masikioni. Homa ilimpiga akiwa na miaka mitatu, miguu yote miwili ikabaki myembamba kama ya ndege. Wa kushoto ulisimama kwa chuma, wa kulia ulisimama kwa ubishi. Nilikichomelea kile chuma, nikakataa malipo, akayaacha juu ya jiwe la kunolea na kuondoka. Wiki mbili baadaye kikakatika tena. Mpaka leo sijui kama nilikichomelea vibaya kwa makusudi.

Wakati ule alikuwa karani wa masijala katika kampuni inayotunza akiba za wafanyakazi. Wauguzi, madereva, walimu, wafagiaji, kila mmoja anakatwa kidogo kwenye mshahara, na watu wa ofisi ile ndio wanaoamua kile kidogo kikae wapi ili kizae kabla mwenyewe hajazeeka. Yeye alikuwa anapanga mafaili. Huku anapanga, anasoma kilichomo. Akajiandikisha masomo ya jioni, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Akapandishwa akawa mchambuzi, maana yake mtu wa kuchunguza kampuni kabla pesa ya watu haijawekwa humo. Akawa meneja. Kisha mkuu wa uwekezaji alipoacha kazi, wakampa kiti hicho akikalie kwa muda. Kaimu. Muda huo ulikuwa miaka mitatu.

Kaimu ni neno la kumwambia mtu: pika, pakua, osha vyungu, ila usile.

Kazi yake niliijua vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa msaidizi wake bila barua ya ajira. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha saruji kilichotaka kampuni yao inunue hisa zake. Makaratasi yake yalikuwa mazuri kama kadi za harusi. Mke wangu hakuyaamini. Akaniambia nimpeleke. Akakaa siku mbili kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya geti la kiwanda, magongo kayalaza miguuni, anahesabu malori. Hakuna mlinzi aliyemfukuza. Walidhani ni ombaomba. Mpita njia mmoja akamwekea sarafu mapajani, yeye akasema asante, akaandika namba ya lori lililokuwa linatoka.

Jioni akaniambia, "Yanatoka malori arobaini kwa siku. Kama walivyoandika."

Nikamuuliza, "Springi zake ulizitazama?"

"Springi zina nini?"

"Zikiwa zimelala, lori lina mzigo. Zikiwa zimepinda kama upinde, lile ni tupu, hata walifunike turubai mara saba."

Kesho yake akarudi kutazama springi. Malori yalikuwa matupu. Yaliondoka getini yakazunguka, yakaingia kwa geti la nyuma, yakatoka tena. Kampuni yao haikununua hata hisa moja, na kiwanda kilipoanguka mwaka uliofuata, kampuni nyingine zililia. Mwenyekiti wa kwao akapigwa picha gazetini kwa kuona mbali. Kuona mbali! Yeye alikuwa amekaa ghorofa ya tisa akitazama mapaa ya mji. Aliyeona ni mwanamke mwenye sarafu ya sadaka mapajani. Aliileta nyumbani ile sarafu, akaniwekea kiganjani. "Chukua, mchambuzi wangu mkuu. Huo ndio mshahara wako."

Sasa niwaambie habari ya ghorofa ya tisa.

Jengo lile lilijengwa ghorofa nane, na lifti yake inaishia ya nane. Ya tisa iliongezwa baadaye, kwa sababu Mwenyekiti alitaka chumba cha mikutano chenye kioo pande zote. Kuongeza chumba juu ya jengo wenye pesa wanaweza. Kuongeza lifti ghorofa moja, eti gharama. Wakaweka ngazi za zege, ishirini na mbili, nyembamba, zenye kona moja katikati. Na kila Alhamisi saa nne kamili kamati ya uwekezaji inakaa kule juu.

Mwenyekiti alikuwa na desturi yake, naye aliipenda kuliko watoto wake. Saa ikifika, mlango unafungwa. Aliye nje yuko nje. Kura yake haipo, hoja yake haipo, na kama ni yeye aliyekuwa na jambo la kuamuliwa, anahesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe. "Nidhamu ya saa ndiyo nidhamu ya pesa," ndivyo alivyosema. Walimpigia makofi kwa maneno hayo.

Siku ya kwanza mke wangu alipotakiwa kupanda kule, wahudumu wawili walijitolea kumbeba. Akakataa. Aliporudi nyumbani nikamwambia, "Si wangekubeba tu? Ungekuwa mzigo gani wewe, kilo arobaini na tano na mikanda yake?"

Akaniambia, "Fundi, sikiliza. Mtu aliyekubeba mgongoni asubuhi, mchana huwezi kumpa amri. Atakutii, lakini moyoni atakuwa bado amekubeba."

"Mbona mimi nakubeba?"

"Wewe nakupa amri tangu siku ya kwanza. Hujaona?"

Basi akabuni njia yake. Alikuwa akifika saa tatu kamili, kabla ya wakubwa. Akipanda lifti mpaka ya nane, anajifunga khanga kuukuu juu ya sketi, anakaa ngazi ya kwanza, mgongo umeelekea juu, anajisukuma kwa mikono, ngazi moja, anavuta magongo, ngazi ya pili, anavuta mkoba. Dakika ishirini na tano. Akifika juu anavua khanga, anapangusa vumbi, anapaka mafuta viganjani, anaingia kukaa kwenye kiti chake. Wakubwa wakija saa nne wanamkuta amekaa, kalamu mkononi, kama aliota pale.

Ngazi zile alizijua kama mtu anavyojua wakwe zake. Ya sita ilikuwa na ufa, inabana kidole. Ya kumi na moja ndiyo ya kona, mahali pa kupumzikia. Ya kumi na nne aliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilikuwa juu kuliko zote na haikuwahi kumsamehe.

Miaka sita, kila Alhamisi. Na hapo ndipo alipojikosea mwenyewe, Mungu amrehemu. Aliwaficha shida yake vizuri mno. Aliandika barua tatu akiomba mkutano ushushwe ghorofa ya nane, nakala zake ninazo kwenye sanduku la vifaa. Jibu lilikuwa lile lile: mbona huwa unawahi kuliko sote?

Mimi nikatengeneza reli. Reli ya kushikia, fupi, ya kumfika mtu aliyekaa, siyo aliyesimama. Nilipima kwa mkono wake nyumbani, yeye amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mimi na futi. Bomba la inchi moja na nusu, viungo nimevisugua mpaka kidole hakijui pa kukwama. Nikaipeleka kwenye pikapu. Msimamizi wa jengo akashuka, akaizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mzee, hii itaharibu sura ya jengo."

"Sura gani? Ngazi za nyuma zile, nani anazitazama?"

"Agizo si langu. Wakubwa."

"Wakubwa ndio wamekuambia?"

"Wakubwa ndio wataniuliza."

Nikairudisha. Bado iko karakana, imeegemea ukuta. Mteja mmoja aliniuliza bei, nikamfukuza.

Basi siku ile ya tarehe kumi na nne kamati ilikuwa inaamua jambo lake. Kama ataacha kuwa kaimu awe mkuu wa uwekezaji kwa haki, mwenye kiti, mwenye sahihi, au kama kiti atapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma mizania. Kura alizihesabu. Watatu wako naye, wawili hawako, na sheria ilitaka mwombaji awemo chumbani. Wiki nzima hakula vizuri. Alisema, "Nikipata, jambo la kwanza nauhamisha mkutano ghorofa ya chini kabisa, karibu na choo, wasikie tunavyoishi."

Asubuhi ile tuliondoka mapema. Nyuma ya pikapu nilikuwa na geti la mteja, nyumba iko njiani. Nikamwambia, "Nalishusha hili, dakika tano tu."

"Mkutano ni saa nne. Nikianza kupanda saa tatu na robo bado nawahi. Lakini tano ziwe tano, Fundi."

Mteja akaanza maneno. Mara bawaba hazilingani, mara rangi siyo aliyosema. Nami sipendi kudharauliwa kazi yangu. Tukabishana. Zikawa dakika kumi na tano. Yeye alikuwa amekaa ndani ya gari, hakupiga honi hata mara moja.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba jana yake jioni, yeye akiwa ameshatoka ofisini, Mwenyekiti alikuwa ameuvuta mkutano mbele nusu saa, kwa sababu alikuwa na safari. Saa tatu na nusu. Ujumbe ulitumwa kwenye kompyuta za ofisi. Katibu muhtasi wa Mwenyekiti alikuja msibani, akalia begani kwangu, akasema, "Shemeji, niliambiwa niandike. Nikauliza, nimpigie dada simu? Nikaambiwa, mtu mzima anasoma ujumbe wake." Sikumuuliza nani alimwambia. Nilijua.

Yaliyofuata nayajua kwa kinywa chake. Alikaa hospitali siku tisa, na siku saba za mwanzo alikuwa na akili zake timamu.

Alikuwa ngazi ya kumi, karibu na kona, aliposikia lifti ikifunguka chini yake na viatu vingi. Wakaja wote kwa pamoja, na mafaili yao, na manukato yao. Wakamkuta amekaa kwenye zege, khanga imefungwa kiunoni, mikono imeingia vumbi. Miaka sita hawajawahi kumwona hivyo. Alisema walisimama kama watu waliomfumania mtu anaoga.

Mmoja akasema, "Kumbe!"

Hilo tu. Kumbe. Kisha wakaanza kupita, mmoja mmoja, samahani, samahani, dada samahani, wanainua miguu juu ya magongo yake. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho.

"Jamani, mbona hukutuambia?"

"Niliandika barua tatu, Mwenyekiti."

"Nitaita vijana wakubebe."

"Nimebakiza kumi na mbili. Nipeni dakika kumi na mbili tu."

Akatazama saa. Mke wangu aliniambia Mwenyekiti alitabasamu, tena tabasamu zuri, la baba kwa mtoto. "Tutajitahidi," akasema, akapita.

Alikuwa ngazi ya kumi na saba aliposikia mlango unafungwa. Mgongo wake ulikuwa umeelekea kule, kwa hiyo hakuuona. Aliusikia. Kitasa cha chuma, mlio mmoja mkavu.

Mwingine angeshuka. Yeye alimaliza ngazi tano zilizobaki. Akavua khanga, akaikunja. Akapangusa sketi. Akasimama kwa magongo yake, akabisha kwa kichwa cha gongo, kile nilichokichomelea mwenyewe, chuma kigumu, sauti yake naijua hata nikiwa usingizini. Akabisha mara tatu. Akangoja. Akabisha mara tatu tena.

Hawakufungua.

Nikamuuliza pale kitandani, "Walikuwa wanaongea? Labda hawakusikia."

"Walikuwa wanaongea. Nilipobisha wakanyamaza. Kisha wakaendelea."

Akasimama pale nje, dakika arobaini, ameegemea mlango maana hakuna kingine cha kuegemea, anasikiliza watu wakiamua habari yake kwamba amejiondoa mwenyewe. Na mimi nilikuwa wapi? Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilingoja chini. Nilikuwa nimekaa ndani ya pikapu, nikifuta mikono kwa tambara, nikipanga nitakavyomwita kuanzia jioni ile. Bosi nilikuwa nimeshamwita miaka mingi. Nilikuwa natafuta neno kubwa zaidi.

Sasa mlango. Chumba kile mlango wake unafungukia nje. Fundi mwenye akili akiweka mlango wa kufungukia nje juu ya ngazi, anaacha mahali pa mtu kusimama, hatua mbili au tatu. Pale hapakuwa na hata hatua moja na nusu. Mkutano ulipoisha wakausukuma kama mlango unavyosukumwa na watu wanaocheka. Yeye alikuwa nyuma yake.

Alianguka mpaka kwenye kona. Ngazi kumi na moja. Mama Mkwe, ile ya kumi na nne, alimpokea kwenye nyonga.

Daktari alisema nyonga imevunjika, wataitengeneza. Siku ya nane damu iliyoganda ikapanda mapafuni. Siku ya tisa nikarudi nyumbani na magongo, na khanga, na chuma cha mguu kwenye mfuko wa plastiki.

Katika siku zile zote hakuwahi kutaja geti la mteja. Hakusema, Fundi, dakika zile kumi na tano. Hata mzaha hakufanya, naye alikuwa mtu wa kufanyia mzaha kila kitu. Mara mbili nilifungua mdomo kulianza mimi. Mara mbili akaniambia nimpe maji.

Kampuni ilileta taarifa ya kurasa nne. Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, alinisomea pole pole kama anavyowasomea wanafunzi wake. Ilisema marehemu alichelewa. Ilisema alipewa msaada wa kubebwa akaukataa. Ilisema mlango ulifunguliwa kwa njia ya kawaida. Na ilisema, hapo nilimwomba arudie mara mbili, kwamba hakuna mjumbe yeyote aliyesikia mtu akibisha.

"Yeyote?" nikamuuliza.

"Ndivyo walivyoandika, baba. Yeyote."

"Wote sita masikio yameziba kwa siku moja?"

"Baba, hawa watu wana mawakili. Acha."

"Mimi sina wakili. Nina masikio."

Miezi mitano ikapita. Ikaja barua nyingine, ya karatasi nene. Kampuni imeamua kumuenzi dada yetu mpendwa, na chumba cha mikutano cha ghorofa ya tisa kitapewa jina lake. Familia inaalikwa. Alhamisi, saa nne kamili.

Binti akaisoma, akaiweka mezani. "Baba, usiende."

"Kwa nini nisiende? Nimealikwa."

"Chumba, baba. Wamempa chumba kile kile."

"Ndiyo maana naenda."

"Basi niahidi hutapigana na mtu."

"Mwanangu, nina miaka sitini na moja. Nikipigana nitaanguka mimi kwanza."

Hakucheka. Alikataa kwenda, akasema hawezi kuzitazama zile ngazi. Akanipigia pasi suti, ile niliyoivaa nilipomsaidia rafiki kumwozesha binti yake, maana ya kwangu ya harusi hainiingii. Kabla sijatoka nikachukua gongo moja. Akaniona, akaninyooshea kola.

Lifti ikanifikisha ya nane. Saa tatu na dakika arobaini. Ngazi zimepakwa rangi mpya, nyeupe, na ukutani wameweka reli. Ndiyo, reli! Inang'aa kama dhahabu, imewekwa juu, usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama. Mtu aliyekaa angeifikia kwa kuota ndoto. Nilicheka peke yangu pale chini, mhudumu mmoja aliyepita na vikombe akanitazama kwa wasiwasi.

"Mzee, pole. Pita, wako juu tayari."

"Tangulia, mwanangu. Mimi napanda kwa njia ya wenyewe."

Nikakaa ngazi ya kwanza. Mgongo nikauelekeza juu. Nikajisukuma.

Sikuwa nimepanga. Nilitaka kujua tu. Mimi nina miguu miwili mizima na mikono ya mtu aliyenyanyua vyuma maisha yake yote, na nilipofika ya sita, ile yenye ufa, nilikuwa natoka jasho shingoni. Kidole kikabanwa kweli, vile vile alivyosema. Kwenye kona nikapumzika. Mgeni mmoja aliyechelewa akapita mbio, akaniruka, samahani mzee. Ya kumi na nne ilinishinda mara mbili. Nikasema, shikamoo Mama Mkwe, nikapita kwa mara ya tatu. Viganja vilikuwa vinawaka. Nikawaza, kila Alhamisi. Kila Alhamisi, na jioni anakuja kunipikia, nami namuuliza kazi ilikuwaje, anasema, nzuri.

Nilikuwa ya kumi na nane mlango ulipofungwa. Saa nne kamili, nidhamu ya saa. Mlio ule ule mmoja mkavu. Nikamaliza nne zilizobaki.

Nikasimama. Nikapangusa suti. Ndani, Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusema, na sauti yake niliisikia neno kwa neno kupitia ubao ule, bila kutega sikio. Ubao mwembamba, wa bei rahisi. Watu wakubwa, mlango wa banda.

"...hakuwahi kulalamika," alikuwa anasema. "Hakuwahi kuomba upendeleo. Alikuwa wa kwanza kufika, kila mara, na sisi tulimkuta pale, tayari..."

Nikasogea pembeni, kando ya bawaba, mahali ambapo mlango haukupigi. Nikainua gongo. Nikabisha mara moja.

Akanyamaza. Kabla sijainua gongo mara ya pili mlango ulikuwa umefunguliwa. Aliyeufungua ni yule kijana aliyepewa kiti. Nyuma yake meza ndefu, maua, picha ya mke wangu kwenye fremu anacheka, na wote watano wengine wa siku ile, na wageni, na shingo zote zimegeuka kunitazama. Wote. Hata yule mzee wa mwisho kabisa kwenye kona ya dirisha, ambaye huvaa kifaa cha kusaidia kusikia.

Mwenyekiti akatandaza mikono. "Shemeji yetu! Karibu, karibu. Tulidhani hukuweza kuja."

Sikuingia. Nilikuwa na hotuba, niliitunga wiki mbili karakana, ina barua tatu ndani yake na reli na springi za malori. Yote iliniruka. Nikaegemea gongo la mke wangu, nikawatazama mmoja baada ya mwingine, na kule nyuma ya vyote nikaliona geti lile na yule mteja wangu wa bawaba, nikajua kwamba hakuna mtu duniani atakayeniuliza mimi habari ya zile dakika kumi na tano, na labda ndiyo sababu lazima niwaulize wao. Nikawauliza neno moja tu.

"Siku ile alipobisha, nani kati yenu alikuwa wa kwanza kusikia?"